Uanagenzi wa utawala chuo kikuu: kwa nini nawashauri vijana wa Kisumu, Kakamega, Bondo na Njoro waombe kuanzia masjala

Mwanzilishi wa uzi

Ninafanya kazi katika utawala wa chuo kikuu kimoja cha umma hapa magharibi mwa Kenya, na niliingia kwa mlango wa uanagenzi. Vijana waliosomea usimamizi wa ofisi katika politekiniki za kitaifa za Kisumu, Sigalagala na Kisii wanaponiuliza waombe kuwekwa ofisi gani, wengi huwa wamekwisha kuchagua: wanataka ofisi ya Naibu Chansela au dawati la mapokezi. Ushauri wangu ni tofauti, na ningependa kuutetea hapa kwa kirefu. Ombeni kuanzia masjala, yaani ofisi inayopokea barua na kutunza mafaili, kisha mpelekwe kwa afisa wa mitihani wa idara, na mapokezi yaje mwisho.

Kwa anayekiona kwa nje, chuo kikuu ni kumbi za mihadhara na siku ya mahafali. Kwa aliye ndani ya utawala, chuo kikuu ni mlolongo wa maamuzi yaliyoandikwa: nani amepokelewa, katika kozi ipi, amelipa kiasi gani, amefanya mitihani ipi, na Seneti, yaani baraza la chuo linalosimamia masomo, imeidhinisha nini. Uamuzi ambao haukuandikwa, au ulioandikwa ukapotea, ni sawa na ambao haukufanywa, na anayeumia ni mwanafunzi. Mwanagenzi anayeanzia mapokezi hujifunza kuwajibu watu kabla ya kujua majibu yanatoka wapi, ndiyo maana neno la kwanza analolizoea ni “njoo kesho”.

Nieleze kazi yenyewe ilivyo, maana wengi hudhani masjala ni stoo. Barua inapofika asubuhi, hugongwa muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, huandikwa katika rejista ya barua zinazoingia, kisha hutafutiwa faili lake. Hapo ndipo penye ujuzi. Barua ya mwanafunzi anayeomba kuahirisha masomo kwa sababu ya ugonjwa haiwekwi katika faili la jumla la maombi; huwekwa katika faili lake binafsi, hutobolewa, hufungwa kwa tagi juu ya karatasi zilizotangulia, na hupewa namba kwa wino kwenye kona ya juu upande wa kulia. Ikiwa karatasi ya mwisho ilikuwa namba 14, hii ni namba 15, na kuanzia siku hiyo hakuna awezaye kuichomoa bila pengo kuonekana. Kwenye karatasi ya maoni, karani humwandikia Msajili kwamba barua iko namba 15, na kwamba namba 9 inahusiana nayo kwa kuwa mwanafunzi huyo aliwahi kuomba hivyo mwaka uliopita. Sentensi hiyo moja ya karani humwokolea mkubwa wake nusu saa, na pengine humwokolea mwanafunzi muhula mzima.

Faili likiondoka kwenye rafu, mwendo wake huandikwa: limekwenda kwa nani, lini, na linatarajiwa kurudi lini. Nimeona ofisi ambazo rejista hiyo ilikuwa kauntabuku ya kawaida iliyopigwa mistari kwa rula, na zilifanya kazi vizuri kuliko ofisi zenye kompyuta mpya, kwa sababu tu kila mtu aliheshimu kuandika.

Faili la mwanafunzi lina vitu ambavyo mwanagenzi anapaswa kuvijua hata taa zikizimika: barua ya kupokelewa chuoni, kwa wengi baada ya kupangiwa na KUCCPS (taasisi ya serikali inayowapangia wanafunzi vyuo), nakala ya cheti cha KCSE (mtihani wa kumaliza sekondari), nakala ya kitambulisho au cheti cha kuzaliwa, fomu ya kukubali nafasi na fomu ya afya. Mambo ya majina nayataja kwa makusudi, kwa kuwa ndiyo yanayosumbua sana ukanda huu. Jina kama Achieng’ lina ritifaa, ile alama ya mwisho, katika cheti cha KCSE na halina ritifaa katika kitambulisho. Kwa macho yetu ni jina moja, lakini mashine huyahesabu mawili. Wengine hujulikana nyumbani kwa jina la babu, shuleni kwa jina la baba, na katika kitambulisho kwa yote mawili yaliyopinduliwa. Tofauti hiyo ikigunduliwa mwaka wa kwanza, hurekebishwa kwa nyaraka na kuthibitishwa taratibu. Ikigunduliwa wiki ya kuchapisha kijitabu cha mahafali, mzazi aliyekwisha kukodi matatu kutoka Busia ndiye anayepokea habari hiyo. Mwanagenzi makini anayelinganisha majina wakati wa usajili amefanya kazi kubwa kuliko anayepanga viti siku ya sherehe.

Historia ya taasisi nayo ni sehemu ya kazi. Maseno ilipata hadhi kamili mwaka 2001, lakini miaka ya 1990 ilikuwa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Moi, na taasisi iliyozaa Masinde Muliro ya Kakamega ilipitia njia hiyo hiyo kabla ya mwaka 2007. Egerton ya Njoro ilianza mwaka 1939 kama shule ya kilimo na ikawa chuo kikuu mwaka 1987. Jaramogi Oginga Odinga ya Bondo ilipata hati ya kuwa chuo kikuu kamili mwaka 2013, na Kibabii ya Bungoma mwaka 2015. Mtu aliyesoma enzi za chuo kishiriki akija kuomba uthibitisho wa masomo yake, kumbukumbu zake zinaweza kugusa taasisi mbili, na asiyejua hilo atamzungusha mzee wa watu kutoka dirisha hadi dirisha.

Nitaendelea kuhusu ofisi ya mitihani baada ya kusikia maoni yenu.

Mchangiaji wa 1 (Bondo)

Dada, nimesoma kwa makini na ninakubaliana nawe kuhusu masjala, ila hujataja kinachowatokea wengi. Mimi nilifanya mafunzo ya kazini katika taasisi moja ambayo sitaitaja. Nilitumwa kuchukua chai, kupiga nakala na kupanga foleni benki kwa niaba ya watu. Daftari langu la mafunzo lilitiwa sahihi siku ya mwisho, wiki zote kwa mkupuo, na msimamizi ambaye hakuwahi kuuliza nilichojifunza. Kijana wa namna hiyo ukimwambia aombe masjala, atapelekwa masjala na bado atatumwa chai. Tatizo ni ofisi au ni msimamizi?

Mchangiaji wa 2 (Njoro)

Mimi ni msimamizi, na nimekuwa nikipokea wanagenzi kwa muda mrefu, kwa hiyo naomba kusikika upande wa pili. Ofisi zetu zina watu wachache na kazi nyingi. Kumfundisha mtu kuandika maoni katika faili kunachukua muda, na anapoanza kuelewa muda wake unakwisha anakwenda zake. Pili, siku hizi usajili, ada na matokeo vyote viko kwenye mfumo wa kompyuta. Tunamfundisha kijana kufunga karatasi kwa tagi ili iweje, ilhali mwajiri wake wa kesho atamtaka ajue mfumo?

Mwanzilishi wa uzi

Nawashukuru nyote wawili, na nitaanza na mzee wetu wa Njoro kwa sababu hoja yake ndiyo nzito.

Mfumo wa kompyuta hupokea kile ambacho mtu ameingiza, na huruhusu kile ambacho mtu ameruhusu. Chukua suala linalowatesa wanafunzi wa vyuo vikuu vingi nchini, yaani alama kukosekana. Mwanafunzi wa mwaka wa nne anafungua ukurasa wake, anaona somo moja la mwaka wa pili halina alama, na bila somo hilo jina lake haliwezi kuingia katika orodha ya wanaofuzu. Mfumo hauwezi kumwambia kilichotokea. Anayeweza ni afisa wa mitihani mwenye mafaili yaliyotunzwa.

Nifuate hatua kwa hatua jinsi jambo hilo linavyotatuliwa, kwani nimelifanya na naliona ndilo somo bora kuliko yote kwa mwanagenzi. Kwanza unathibitisha kwamba mwanafunzi alikuwa amesajili somo hilo muhula huo. Mara nyingine tatizo huishia hapo: alihudhuria mihadhara yote, akafanya mtihani, lakini hakuwahi kulisajili kwenye mfumo. Pili, unatafuta orodha ya mahudhurio ya chumba cha mtihani, ile ambayo kila mtahiniwa hutia sahihi kando ya namba yake ya usajili. Sahihi yake ikiwepo, swali linahama kutoka kwa mwanafunzi kwenda kwa chuo. Tatu, unalinganisha idadi ya sahihi na idadi ya vijitabu vya majibu iliyoandikwa na msimamizi wa mtihani wakati wa kumkabidhi mhadhiri. Nne, unatazama karatasi ya alama iliyotiwa sahihi na mhadhiri na mwenyekiti wa idara: je, alama za kazi za muhula zipo na za mtihani hazipo, au zote hazipo? Hapo ndipo unapoweza kumwandikia mhadhiri barua fupi yenye ushahidi, badala ya kumtuma mwanafunzi akamvizie kwenye maegesho. Alama ikipatikana, haiingizwi kimyakimya. Hupitishwa idarani, kwenye kitivo, kisha Seneti, na kila hatua huacha karatasi.

Katika hatua zote hizo, mfumo ulihusika mara moja tu mwanzoni na mara moja mwishoni. Katikati ni karatasi, na mtu aliyefunzwa kuzitunza. Kijana aliyepitia masjala ataujua mfumo wowote atakaoukuta mbele, kwa sababu anaelewa kinachotakiwa kuwemo ndani yake. Aliyefundishwa kubofya tu atarudi mwanzo mfumo ukibadilishwa, nao hubadilishwa mara kwa mara.

Lipo pia suala la sheria, ambalo sioni likifundishwa ipasavyo. Kifungu cha 47 cha Katiba ya mwaka 2010 kinampa kila mtu haki ya hatua ya kiutawala iliyo ya haraka, halali na ya haki, na kama uamuzi unaathiri haki zake vibaya, ana haki ya kupewa sababu kwa maandishi. Sheria ya mwaka 2015 kuhusu hatua za haki za kiutawala iliyatilia nguvu maneno hayo. Mwanafunzi asiye na alama yake ni mtu mwenye haki hiyo, na karani anayempokea dirishani ndiye uso wa chuo mbele ya haki hiyo. Nadhani kila mwanagenzi angesomeshwa kifungu hicho siku ya kwanza, lugha ya madirishani ingebadilika.

Na kuna Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019. Faili la mwanafunzi lina hali ya afya yake, namba ya kitambulisho, wakati mwingine habari za wazazi kutengana au kufariki. Mwanagenzi kupiga picha orodha ya matokeo kwa simu na kuituma kwenye kundi la WhatsApp ili kuwasaidia rafiki zake si hisani. Mwaka 2023 Kamishna wa Data aliitoza shule moja ya Nairobi shilingi milioni 4.55 kwa kusambaza picha za watoto bila idhini ya wazazi, na taasisi ya elimu ya juu haina kinga yoyote mbele ya sheria hiyo.

Kuhusu muda, mzee wangu, nakubali kwamba kufundisha kunachukua muda. Hata hivyo, wasimamizi wazuri niliowaona hawakuacha kazi zao ili wafundishe. Walimpa mwanagenzi jambo moja la mwanafunzi mmoja, wakamwambia alifuate kuanzia barua ya kwanza hadi jibu, na Ijumaa wakakaa naye nusu saa wakipitia daftari lake. Kwa njia hiyo kazi ya ofisi ilikuwa inafanyika, na somo lilikuwa limo ndani ya kazi.

Mchangiaji wa 3 (Nakuru)

Mwanzilishi, nami nina la kuongeza kuhusu malipo, kwani bila kulitaja tutakuwa tunazungumzia nusu ya jambo. Kijana anayepanga chumba Njoro au anayepanda matatu kila siku kutoka Nakuru mjini anahitaji nauli na chakula. Nina jamaa Uingereza ambaye binti yake ni mwanagenzi wa utawala katika chuo kikuu huko. Ana mkataba wa kazi, analipwa, na kima cha chini cha wanagenzi kilichowekwa Aprili 2025 kilikuwa pauni 7.55 kwa saa. Mwishoni hatiliwi sahihi tu kwenye daftari: anafanya mtihani wa maarifa, anahojiwa kuhusu jalada la kazi alizofanya, na anawasilisha mradi mmoja alioutekeleza ofisini. Waajiri wakubwa wa huko, wale ambao jumla ya mishahara wanayolipa kwa mwaka inazidi pauni milioni 3, wanatozwa asilimia 0.5 tangu mwaka 2017 kwa ajili ya mafunzo hayo. Sisi tunashindwa wapi?

Mwanzilishi wa uzi

Nashukuru kwa kulileta, kwa sababu linanigusa sana. Sisi pia tuna sheria. Sheria ya Mafunzo ya Viwandani, inayosimamiwa na NITA, mamlaka ya kitaifa ya mafunzo ya viwandani, inatambua uanagenzi wa mkataba ulioandikwa na kusajiliwa, na waajiri hutozwa ushuru wa mafunzo wa shilingi 50 kwa kila mfanyakazi kwa mwezi. NITA hata ina kituo chake Kisumu. Tofauti kubwa ni kwamba kwa desturi uanagenzi huo umeelekezwa kwenye ufundi wa mikono na mitambo, huku kazi ya ofisi ikiachiwa mafunzo mafupi ya kazini ambayo ni sharti la kumaliza kozi, na ambayo mara nyingi hayana malipo. Kwa hiyo tunamwita kijana mwanagenzi, lakini tunamweka kama mgeni wa miezi mitatu.

Msimamo wangu ni kwamba chuo kikuu kinachofundisha usimamizi darasani hakina udhuru wa kutowalipa nauli wanaojifunza usimamizi huo katika ofisi zake. Sisemi mshahara kamili. Nasema nauli na chakula cha mchana, vilivyopangwa katika bajeti ya mwaka badala ya kutegemea huruma ya mkuu wa ofisi. Bila hivyo, nafasi hizi zitaendelea kuwa za watoto wa watu wenye nyumba karibu na chuo, na yule wa Usenge au wa Mlima Elgon ataendelea kukosa, hata kama ndiye mwenye mkono safi wa kuandika na jicho la kuona kosa.

Utaratibu wa kuhitimisha kwa mradi naupenda pia, nao hauhitaji fedha. Msimamizi anaweza kumwambia mwanagenzi mwanzoni kabisa: kabla hujaondoka, utanionyesha kitu kimoja ulichokiboresha hapa. Inaweza kuwa fomu iliyokuwa ikiwachanganya wanafunzi ikaandikwa upya, kwa Kiingereza na kwa Kiswahili. Inaweza kuwa orodha ya mafaili ya miaka ya zamani ambayo hakuna aliyekuwa akijua yako kabati gani.

Sasa nimjibu ndugu yangu wa Bondo, ambaye aliuliza kama tatizo ni ofisi au ni msimamizi. Ni msimamizi, nakubali, lakini ofisi inaweza kumlinda kijana kwa kiasi. Mapokezi, kazi ya siku inapokwisha haiachi alama yoyote, kwa hiyo ni rahisi kumjazia mtu muda kwa kumtuma. Masjala, kila kitu ulichokifanya kinaonekana: mwandiko wako uko kwenye rejista, na herufi za mwanzo za jina lako ziko kando ya tarehe. Hata msimamizi mvivu hawezi kukana kwamba ulifanya kazi. Na daftari lako la mafunzo usilisubirie sahihi ya mkupuo. Lijaze kila jioni kwa vitenzi vya kazi yenyewe: nilisajili barua, nilifungua faili jipya, nililinganisha majina ya wanafunzi wa mwaka wa kwanza na vyeti vyao. Ukiandika “nilisaidia ofisini” wiki nzima, umemsaidia msimamizi wako kukusahau.

Kuhusu chai, nitasema wazi kwamba mara nyingi wanaotumwa ni wasichana, wavulana wakibaki kwenye kompyuta. Nimeliona hilo kwa macho yangu na sikubaliani nalo. Ofisi ambayo kila mtu hujichukulia chai kwa zamu haipungukiwi na heshima.

Mchangiaji wa 4 (Kakamega)

Nimefuatilia mjadala huu tangu mwanzo. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, nami nitamshauri mpwa wangu aombe masjala kama ulivyosema. Anamaliza stashahada ya usimamizi wa ofisi mwaka huu. Naomba kuuliza: aandae nini, na barua aipeleke kwa nani? Alipeleka moja kwa mhadhiri tunayemfahamu, na hajapata jibu hadi leo.

Mwanzilishi wa uzi

Mpwa wako aandae barua ya maombi ya ukurasa mmoja, barua ya utangulizi kutoka chuo anachosomea, nakala ya kitambulisho, wasifu mfupi, na uthibitisho wa bima ya ajali, ambao taasisi nyingi za umma hudai kabla ya kumruhusu mtu kuripoti. Katika barua ataje tarehe kamili za kuanza na kumaliza, kwa sababu afisa anayepanga nafasi anahitaji kujua kama muda huo unagongana na wa wengine, na aandike kwa sentensi moja ya wazi kwamba anaomba kuanzia masjala na baadaye kupelekwa ofisi ya mitihani. Maombi ya namna hiyo ni machache, na afisa aliyezoea barua zinazofanana huyakumbuka. Aombe mapema, miezi miwili au mitatu kabla, wala asisubiri tangazo.

Asimlaumu mhadhiri huyo, kwani si kazi yake kutoa nafasi. Barua ielekezwe kwa Msajili anayehusika na utawala na ipelekwe masjala kuu kwa mkono ikiwezekana, pamoja na nakala ya pili ambayo atagongewa muhuri wa kupokelewa na kuondoka nayo. Akirudi baada ya wiki mbili kuuliza, ataonyesha nakala hiyo yenye tarehe, na karani atajua aanze kutafuta ukurasa gani wa rejista.